Mtoto Ndiye Aliyetangulia Kula Nje



Leo nataka tuzungumze historia, lakini nianze na yaliyonikuta mwenyewe. Mwezi uliopita mume wangu alinitoa tukale nje. Tulikuwa na mwanetu wa miaka miwili na nusu, maana siku hizo hatukuwa na mtu wa kumwachia. Tulikwenda mahali pazuri, ghorofani, bahari iko chini yako. Tumefika, hata kukaa bado, mhudumu akatwambia kwa upole kabisa kuwa jioni hawapokei watoto wadogo, kwani wageni wao wanapenda utulivu. Mwanangu wakati huo alikuwa kimya, kidole mdomoni, anaangalia taa. Tukashuka ngazi. Tukanunua chipsi na mishikaki, tukala ndani ya gari.

Kesho yake nikamhadithia mama mkwe, nikitegemea atanionea huruma. Wapi! Akaniambia, "Na nyinyi pia, mwanangu. Mwanamke na kitoto ubavuni, magharibi, mnakwenda kula nje. Tangu lini?"

Basi nikabanwa pande zote mbili. Wale wanasema mtoto si mahali pake, na mama anasema mimi si mahali pangu. Mama mkwe hakuuliza ili ajibiwe, mnawajua wakubwa wetu. Lakini lile "tangu lini" lilinikaa kichwani, nikaona nilitafutie jibu kwa haki, maana miongoni mwenu wapo mabibi harusi wanaoniuliza kila siku: nikishaolewa nikapata mtoto, ndiyo basi, nakaa ndani?

Wengi wetu tumekua tukiambiwa "usile njiani, vibaya." Nilidhani ni maneno ya bibi zetu tu. Kumbe yana asili. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika kitabu kinachoitwa Minhaj al-Talibin, na sisi watu wa pwani ambao ni Shafi tumekuwa tukisomeshwa kitabu hicho na masheikh wetu vizazi kwa vizazi. Katika mlango wa ushahidi anazungumzia muruwa, yaani ile heshima ya mtu inayofanya neno lake likubalike mbele ya kadhi. Miongoni mwa mambo anayoyataja kuwa yanaweza kuivunja ni kula sokoni. Si kwamba chakula kinakuwa haramu, hapana. Ni kwamba mtu mzima anayejiheshimu hakutarajiwa kusimama katikati ya watu anatafuna. Na jambo tunalolisahau ni kuwa Imam mwenyewe ameeleza kwamba hukumu hiyo hutofautiana kwa mtu na mtu, kwa hali na hali, kwa mahali na mahali.

Sasa fikirini. Mtoto mdogo hana ushahidi wa kupeleka kwa kadhi. Muruwa wake haujaanza. Yeye akila muhogo wa kukaanga mlango wa soko hakuna anayemshangaa. Tangu hapo utaona mlango wa kula nje ulikuwa wazi kwa mtu mmoja tu katika nyumba, na mtu huyo ni mdogo kuliko wote.

Kwa wakubwa, chakula kilimfuata mtu alipo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 hakutafuta pa kula. Alipewa nyumba ya kufikia, na chakula kikawa kinaletwa: wali wa samli, mchuzi, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, ndimu za chumvi, pilipili, tangawizi mbichi, maembe. Ukisoma anavyovitaja unaona kabisa ni sinia ya kwetu. Mgeni analishwa nyumbani, ndiyo heshima yake na ya mwenyeji.

Hata nyumba ya kifalme ilikuwa hivyo hivyo. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, ameeleza maisha ya jumba lile katika kitabu chake kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Anaeleza walivyokuwa wakikaa kula na baba yao, meza ndefu ya chini kabisa, watoto wamepangwa kwa umri. Ninapenda sana hiyo habari ya meza ya chini, na nitairudia baadaye. Hakuna kwenda kula mahali. Kulikuwa na kuletewa tu.

Bibi harusi wa zamani naye, siku zake saba za fungate, anakula kinacholetwa na kwao, anapelekewa mpaka chumbani. Mzazi katika arobaini yake, vivyo hivyo: uji wa pilipili manga unamfuata kitandani. Mwanamke wa mjini wa heshima mchana hatoki bila ya sababu. Basi akiwa na hamu ya kitu cha mgahawani, anafanyaje?

Anamtuma mtoto.

Hapa ndipo historia yetu ilipo, na haikuandikwa sana kwa sababu waandishi wengi walikuwa wanaume na wao walikuwa ndani ya mgahawa wanakunywa chai. Neno lenyewe, mgahawa au mkahawa, limetoka kwenye kahawa, na kahawa ya hadharani ilikuwa ya wanaume: barazani, kwenye pembe za njia, vikombe vidogo, habari za siasa na mpira. Mwanamke hakukaa pale. Lakini kila alfajiri mlango wa mgahawa ulikuwa na msururu wa watoto wamebeba mabakuli. Huyu katumwa maharage ya nazi, huyu mandazi ya shilingi kadhaa, yule supu kwa ajili ya babu anayeumwa. Bibi yangu mzaa mama, aliyekulia Ng'ambo, alikuwa akituhadithia kuwa ukifika na bakuli lako lina ufa muuza supu anakurudisha, na ukirudi nyumbani mikono mitupu unapigwa. Akasema pia kuwa hakuna mtoto aliyewahi kufika nyumbani na mandazi kamili. Moja lilikuwa linaliwa njiani, ndiyo ujira.

Kwa hiyo mgahawa ulimjua mtoto kabla ya kumjua mama yake. Alimjua muuzaji, alijua bei, alijua nani anazidisha nazi na nani anatia maji. Mama alikula chakula cha nje kwa ulimi wa mwanawe.

Halafu kuna sikukuu. Hapa nataka tukae kidogo.

Mnaijua Mnazi Mmoja. Siku nne za Idd, tangu enzi za masultani mpaka leo, watoto wa Unguja wanavishwa nguo mpya, wanapita nyumba kwa nyumba kupokea mkono wa Idd, na jioni pesa zile zinakwenda kumalizwa uwanjani. Siku hizi tuna viwanja vya kufurahishia watoto Kariakoo, na wenzetu wa Pemba wana Tibirinzi, lakini maana ni ile ile: ni siku za mtoto, na mtoto ndiye mwenye pesa. Anaamua mwenyewe atakula nini. Maembe mabichi ya chumvi na pilipili, ubuyu unaomtia rangi mpaka kidevuni, bajia, kachori, mishikaki, askrimu inayomwagikia gauni jipya kabla ya magharibi.

Na mtoto wa miaka minne haendi uwanjani peke yake. Lazima awepo mtu wa kumshika mkono. Mtu huyo ni mama, au shangazi, au dada aliyeposwa ambaye siku nyengine zote haruhusiwi hata kuchungulia dirishani. Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya utumwa kufutwa mwaka 1897, wanawake wa mjini wa kila tabaka walianza kuvaa buibui, mjukuu wa mtwana na mjukuu wa bwana wakawa hawatofautiki njiani. Buibui lilimfunika mtu, lakini pia lilimfungulia mlango. Na sikukuu ilimpa sababu. "Nampeleka mtoto." Nani atakataa?

Ninawaomba mliangalie neno hilo, maana mama zetu walilitumia kwa akili nyingi. Nampeleka mtoto. Wakifika pale mtoto anakula, na mama naye, chini ya ukaya, anaonja. Hakuna aliyemwambia amevunja muruwa wake. Alikuwa kazini!

Sinema nayo ilifanya hivyo hivyo. Zamani mjini kwetu kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, ukumbi mzima ni mabuibui na watoto wa mikononi. Filamu za Kihindi, saa tatu, mtoto analia, huyu ananyonyesha, yule anamegea mwenziwe kachori. Bibi yangu anasema kelele ilikuwa kubwa hata nyimbo husikii, na hakuna aliyelalamika kwa sababu kila mmoja alikuwa na wake wa kulia. Ile ndiyo naiita ukumbi unaowajua wateja wake.

Bustani ya Forodhani ilikuja mwaka 1936. Ilitengenezwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Harub, aliyekalia kiti mwaka 1911. Kabla ya hapo ufukwe ule ulikuwa wa biashara, forodha kama jina lake linavyosema, mizigo na wachukuzi, si mahali pa mwanamke na mwanawe. Kwa kupandwa miti na kuwekwa viti, palepale pakawa pa kupunga upepo. Wakatokea wauzaji. Mpaka leo ukenda baada ya magharibi unakuta taa, moshi, pweza, urojo, mashine za muwa zinalia. Mwaka 2009, baada ya matengenezo makubwa ya taasisi ya Aga Khan, bustani ilifunguliwa tena ikiwa na sehemu ya watoto kuchezea. Na hapo hakuna mhudumu wa kukwambia wageni wanataka utulivu.

Miaka iliyofuata mapinduzi ya 1964 nitaipita haraka. Mnayo kwa wazee wenu: vyakula vilipungua, foleni za mchele, mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu walikula walichokipata. Nani angefikiria kwenda kukaa mezani na kuchagua? Katikati ya miaka ya 1980 biashara ilifunguliwa, watalii wakaanza kuja kwa wingi, na nyumba za kulia zikaota Mji Mkongwe na kando ya fukwe.

Hizi ndizo zilizonirudisha mimi ngazini. Lakini nisiwaonee, maana hazikujengwa kwa ajili yetu. Zilijengwa kwa mgeni mzima, wawili wawili, mshumaa katikati. Viti ni virefu, glasi ni nyembamba, chakula kinachukua saa nzima, na mahali pengi kuna pombe. Hilo la pombe si dogo kwetu. Ipo hadithi aliyoipokea Tirmidhi inayomkataza muumini kukaa kwenye meza inayopitishwa ulevi, na kwangu mimi hilo linatosha kunishusha ngazi kabla hata sijaulizwa habari ya mtoto. Tukiwa wakweli, pengine yule mhudumu alinifanyia wema bila ya kujua.

Ila lile la viti virefu nimelifikiri sana. Mtoto wa miaka miwili kwenye sinia hana tatizo. Mkeka uko chini, sinia iko chini, mkono wake unafika. Akimwaga, amemwaga kwenye mkeka. Akichoka, analala palepale kwenye mapaja ya bibi yake. Mkumbuke ile meza ya chini ya Mtoni: watoto wa Sultani walikula na baba yao bila ya kuhitaji kiti cha mtoto. Leo tunampandisha mtoto kwenye kiti cha mtu mzima, miguu inaning'inia, kisha tunamwita mtundu. Siku mkipata mahali pa kulia penye majamvi na mito, nendeni huko. Na agizeni sinia moja, mule pamoja.

Sasa narudi kwa mama mkwe, kwa sababu hakuishia "tangu lini". Alinitolea na hadithi. Kwamba Mtume wetu (S.A.W.) ametuamuru tuwazuie watoto ndani jua linapozama, kwani mashetani hutawanyika wakati huo. Ni sahihi, imo katika Bukhari na Muslim, imepokewa na Jabir. Nikanyamaza kwa adabu. Usiku nikaifungua, nikaisoma mpaka mwisho, na mwisho wake unasema kuwa ukishapita muda katika usiku, waachieni. Basi. Tukizuie kitoto magharibi, tusali, kisha tutoke.

Na nilipokuwa nimeshakifungua kitabu, nikakutana na mbili nyengine ambazo sikuwahi kuziweka pamoja. Ya kwanza mnaijua wote, ila pengine hamkumbuki ilisemwa kwa nani. Umar bin Abi Salama, mtoto wa Ummu Salama, alilelewa katika nyumba ya Mtume. Alikuwa mtoto, anakula kwenye sinia na Mtume, na mkono wake unazunguka kila upande kama wa mwanangu. Mtume hakumtoa kwenye sinia. Alimfundisha palepale ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Umar alipokuwa mkubwa akasema hakuacha kula hivyo tangu siku ile. Adabu zote za kula tunazowafundisha watoto wetu, asili yake ni kitoto kimoja kilichokuwa kinachafua sinia mbele ya Mtume wa Mwenyezi Mungu.

Ya pili imo katika Sahihi Muslim, ameipokea Anas. Mtume alikuwa na jirani Mfursi aliyekuwa bingwa wa kupika mchuzi. Siku moja akapika, akaja kumwalika. Mtume akamuuliza habari ya Bibi Aisha, naye amealikwa? Jirani akasema hapana. Mtume akasema basi na mimi siji. Akarudi mara ya pili, ikawa vile vile. Mara ya tatu jirani akakubali, wakainuka wote wawili wakafuatana mpaka nyumbani kwake. Mabibi harusi, hii muiweke. Si mimi niliyeitunga.

Nilimsomea mama mkwe zote mbili, jioni, tukichambua mchele. Alisikiliza. Akasema hiyo ya jirani hajawahi kuisikia, akaniambia nimrudilie. Kisha akakaa kimya kidogo, akasema, "Mimi mama yangu alikuwa akinituma urojo, na mimi nikinywa nusu njiani, naongeza maji ya bomba." Tukacheka mpaka mchele ukamwagika.

Ijumaa iliyopita tukatoka. Tulisali isha kwanza. Mimi, mume wangu, mtoto, na mama mkwe amevaa buibui lake la safari. Tukenda Forodhani, tukapata kiti karibu na ukuta wa bahari, lakini yeye akakataa kiti, akatandika kanga chini kwenye majani, akasema huku ndiko mtoto anakofika. Tukaweka sahani moja katikati: mishikaki, mbatata, kachumbari, mkate wa ufuta. Mwanangu akaingia na mikono yote miwili, wa kushoto mbele. Bibi yake akamshika kifundo cha mkono, polepole, akamwambia aseme Bismillahi, akamwonyesha kwa kidole: hapa, mbele yako. Akala tonge mbili kwa adabu. Ya tatu akaifuata kwa bibi yake, na akiipita akaangusha glasi yote ya muwa juu ya buibui.

Nikainuka kutafuta kitambaa. Mama mkwe hakuinuka. Alikung'uta nguo yake, akamgeukia kijana wa mashine ya muwa aliyekuwa nyuma yetu.

"Mwanangu, tuletee mwengine. Na huu usitie tangawizi nyingi, wa mtoto."